Katavi Inavyosomwa Kutoka Angani

Ndugu msomaji, kila baada ya siku nane, yapata saa tano asubuhi kwa saa zetu, hupita juu ya Mpanda chombo kisicho na rubani wala abiria. Kiko kilomita 705 kutoka ardhini, hivyo hakuna anayekiona wala kukisikia, na huvuka anga la Mkoa wa Katavi kwa muda usiozidi dakika moja. Katika muda huo mfupi huwa kimekwisha kupiga picha ukanda wa nchi wenye upana wa kilomita 185, pamoja na mashamba, misitu, mito na mapaa ya nyumba yaliyomo. Chombo hicho ni setilaiti ya Landsat, mali ya Marekani. Ziko mbili zinazopokezana zamu: Landsat ya nane iliyorushwa Februari 2013, na ya tisa iliyofuata Septemba 2021.

Huenda mtu akauliza: mambo hayo yanamhusu nini mkulima wa Karema, mfugaji wa Mpimbwe au mama anayechota maji Sitalike? Jibu ni kwamba yanamhusu sana, na kila mwaka yanazidi kumhusu. Katika mkoa huu wapo wanakijiji ambao sehemu ya mapato ya vijiji vyao hukadiriwa kwa picha za namna hiyo. Upo mto ambao kisa cha kukauka kwake kinaweza kufuatiliwa kwa picha hizo mwaka hadi mwaka. Ipo misitu ambayo kupungua kwake hujulikana Dodoma, Nairobi na Ulaya kabla mwenyekiti wa kijiji hajapata taarifa. Maamuzi kuhusu ardhi yetu sasa huanzia mbali, juu ya meza zilizotandazwa picha hizi. Asiyejua kuzisoma atakuwa msikilizaji tu katika shauri linalomhusu yeye na watoto wake.

Kwa sababu hiyo leo tutazame mambo matatu: picha hizi zinapatikanaje, zinaona nini katika nchi yetu ya Katavi, na zipi ni habari ambazo haziwezi kutueleza hata kidogo.

Kumbukumbu ya zaidi ya miaka hamsini

Landsat ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Julai 1972. Tangu hapo setilaiti za ukoo huo zimepokezana bila kukatika, na picha zake zimewekwa katika hazina moja. Mtu anayetaka kujua bonde fulani lilikuwaje kabla hajazaliwa anaweza kuitafuta picha ya wakati huo akaiweka kando ya picha ya mwezi uliopita. Iliyodumu kuliko zote ni Landsat ya tano: ilirushwa Machi 1984 ikafanya kazi hadi mwaka 2013.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo ina mapengo, na mengi yako Afrika. Katika miaka ya 1980 na 1990 picha ziliuzwa kibiashara kwa dola elfu kadhaa kila moja, na vituo vya kuzipokea katika bara letu vilikuwa vichache. Nchi ambayo haikuwa na mnunuzi ilipigwa picha mara chache. Mwaka 2008 Marekani iliamua kuzitoa bure kwa kila anayezihitaji, popote alipo. Nchi za Ulaya nazo zikarusha setilaiti zao za Sentinel-2, ya kwanza mwaka 2015 na ya pili mwaka 2017, na picha zake pia hutolewa bila malipo. Kwa hiyo kikwazo cha fedha kimeondoka kwa kiasi kikubwa, na kilichobaki ni kikwazo cha elimu.

Wala elimu hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini, na kutoka hapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ingawa hiyo ilikuwa ya kuchunguza nyota. Tangu mwaka 1975 kipo Nairobi kituo cha kikanda cha upimaji na uchoraji wa ramani za rasilimali, ambacho Tanzania ni mwanachama wake. Na tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kuitazama ardhi. Majina Uhuru na Taifa hayahitaji kufasiriwa kwa msomaji wa safu hii.

Inaonaje?

Setilaiti haipigi picha kama simu ya mkononi. Hupima mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini, nayo huugawa mwanga huo katika mafungu. Baadhi ya mafungu ni yale tunayoyaona: bluu, kijani na nyekundu. Mengine hayaonekani kwa jicho la binadamu, na mojawapo ni infraredi. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha infraredi kwa wingi. Maji humeza infraredi karibu yote, hivyo huonekana meusi. Udongo mtupu, jivu la moto na bati la paa, kila kimoja kina namna yake ya kurudisha mwanga. Mtaalamu akilinganisha mafungu hayo anaweza kutenganisha msitu na shamba, na shamba lenye maji na lililokauka.

Picha yenyewe imejengwa kwa viraba. Kiraba kimoja cha Landsat ni eneo la mita 30 kwa mita 30 ardhini, ambalo kwa hesabu ya mkulima ni pungufu kidogo ya robo ekari. Kiraba cha Sentinel-2 ni mita 10 kwa mita 10. Ndani ya kiraba setilaiti haitofautishi kitu na kitu. Hupokea wastani wa vyote vilivyomo. Shamba jipya la ekari tano litaonekana waziwazi. Mninga mmoja uliokatwa katikati ya msitu mnene hautaonekana, na anayevuna mti mmoja leo na mwingine kesho anaweza kuudhoofisha msitu kwa miaka mingi kabla picha haijabadilika rangi.

Kuna mtego mwingine ambao watu wa Katavi wanaweza kuubaini upesi kuliko mtaalamu aliyeko ng'ambo. Sehemu kubwa ya nchi yetu ni miombo, na miti ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Picha ya Agosti huweza kuonesha msitu mzima kana kwamba umekufa, ilhali miti iko hai na inangoja. Kisha, kabla hata mvua haijanyesha, majani mapya hutoka yakiwa mekundu, na rangi ya nchi hubadilika tena. Mtu akichukua picha ya Aprili ya mwaka mmoja akailinganisha na picha ya Agosti ya mwaka mwingine, atatangaza janga ambalo halikutokea. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kulinganisha mwezi na mwezi wake.

Watu wameongezeka, msitu umepungua

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Kwa hiyo katika miaka kumi idadi imezidi maradufu, na hapana mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo. Baadhi ni watoto waliozaliwa hapa. Wengi ni wakulima na wafugaji waliokuja na familia zao na mifugo yao kutafuta ardhi yenye mvua.

Hayo yote yanaonekana angani. Kandokando ya barabara na mito, kijani kizito cha miombo kimekatwakatwa na vipande vyenye rangi ya udongo. Kwa nchi nzima, Tathmini ya Taifa ya Rasilimali za Misitu, iliyofanywa kati ya 2009 na 2014, ilikadiria kwamba Tanzania Bara ilikuwa ikipoteza zaidi ya hekta 370,000 za misitu kila mwaka. Yafaa kujua tathmini hiyo ilivyofanyika. Picha za setilaiti zilitumika kuchora ramani, lakini pia wataalamu walitumwa kwenye maelfu ya maeneo ya sampuli, wakatembea kwa miguu, wakapima unene na urefu wa miti na kuwahoji wenyeji. Serikali yenyewe haikuona picha kuwa inatosha peke yake.

Mfano wa Katumba unatufundisha kwa nini. Anayetazama picha za nchi ya Mpanda za miaka ya 1970 na kuendelea ataona msitu ukifunguka, kisha barabara zilizonyooka, mashamba na vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Akiishia hapo atasema: watu wameuvamia msitu. Lakini mwenyeji anajua historia iliyo nyuma ya mistari hiyo. Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji nchini Burundi. Tanzania iliwapokea na kuwapa ardhi wailime, Katumba kuanzia 1973 na Mishamo kuanzia 1978. Walifyeka kwa ruhusa, wakajilisha na kuuza ziada, na baada ya miongo zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na yale ya Ulyankulu, Tabora, walipewa uraia. Rangi ya ardhi haikuweza kuandika lolote kati ya hayo.

Vivyo hivyo kwa ufyekaji wa leo. Kiraba kilichogeuka kutoka msitu kuwa udongo hakisemi kama aliyefyeka ni familia iliyokosa chakula, mfanyabiashara wa mkaa, au mkulima wa tumbaku aliyehitaji kuni za kukaushia majani yake. Hakisemi pia kama kijiji kilimgawia ardhi ile kwa mujibu wa mpango wa matumizi, au aliingia usiku. Dawa ya kila moja ya hali hizo ni tofauti, na anayeagiza dawa kwa kutazama picha tu anaweza kumwadhibu asiyekosa.

Fedha za msitu wa Ntakata

Magharibi ya mkoa, katika Wilaya ya Tanganyika, iko milima ya Ntakata yenye misitu ambamo wanaishi sokwe. Vijiji vinane vinavyomiliki misitu hiyo viliingia katika biashara ya kaboni, au hewa ukaa kama ilivyozoeleka kuitwa, kwa ushirikiano na kampuni ya Carbon Tanzania. Mradi huo unahesabiwa kuanzia mwaka 2017. Mabilioni ya shilingi yamekwisha kulipwa, na wanakijiji wamejenga madarasa na zahanati na kugharimia bima ya afya. Mikoa mingine hutuma wajumbe kwenda kujifunza.

Biashara hiyo huuza nini hasa? Miti inapokua hufyonza hewa ya kaboni, na ikikatwa na kuchomwa huirudisha angani. Kinachouzwa ni kiasi cha kaboni ambacho kingerudi angani lau msitu ungefyekwa. Kukijua, hutazamwa kwanza picha za setilaiti za miaka iliyopita ili kupata kasi ya ufyekaji wa eneo lile. Kutokana na kasi hiyo hukadiriwa msitu ungepungua kiasi gani bila mradi. Kisha picha za sasa huonesha umepungua kiasi gani kweli. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo bidhaa, na ndiyo inayogeuzwa kuwa fedha.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo elimu ya picha inapogusa mfuko wa familia. Kadirio la msitu ungekuwaje bila mradi ni hesabu ya jambo ambalo halikutokea. Duniani kote yapo mabishano makali kuhusu makadirio ya namna hiyo, na mwaka 2023 yalipamba moto hata wanunuzi wengine wakasita. Likipandishwa kadirio, mapato huongezeka. Likishushwa, hupungua, ingawa walinzi wa kijiji wamefanya doria ileile na wananchi wamejinyima mashamba yaleyale. Tanzania ilitunga kanuni za biashara hii mwaka 2022, na hilo ni jambo la heri. Lakini kanuni haziwezi kuuliza maswali kwa niaba ya mkutano mkuu wa kijiji. Wanakijiji wana haki ya kuoneshwa picha zilizotumika, kuambiwa ni za mwezi gani na mwaka gani, na kueleweshwa kadirio limefikiwaje, kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Kwa upande mwingine, kazi ya vijiji hivyo inaonesha jinsi anga na ardhi vinavyoweza kusaidiana. Picha huashiria mahali palipobadilika, na walinzi wa misitu wa kijiji, wanaoijua njia, huenda kutazama. Wao ndio wanaorudi na habari kamili: ni shamba, ni kambi, au ni maporomoko ya mvua tu.

Mto Katuma unapokatika

Mto Katuma hushuka kutoka nyanda za juu za magharibi, ukapita Sitalike na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Humo hulisha mbuga za Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yake huendelea kwa jina la Kavuu hadi Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kulitoa maji. Wakazi wa Sitalike wameona kwa macho yao jinsi kiangazi kinavyowabana viboko katika dimbwi la tope, mamia wakisukumana mahali palipotosha makumi.

Maziwa ya Katavi na Chada ni ya msimu tangu zamani. Kupungua kwake wakati wa kiangazi si habari. Jambo la kuulizwa ni kama siku za ukavu zinaongezeka, na kwa sababu gani. Swali hilo setilaiti inaweza kulisaidia sana. Kwa kuwa maji huonekana meusi katika infraredi, inawezekana kuchukua picha za Oktoba, mwaka baada ya mwaka, na kupima eneo lililobaki na maji. Na kwa kuwa mpunga unaomwagiliwa hubaki kijani wakati nchi nyingine ni kavu, mashamba yanayotumia maji ya mto huonekana kama utepe wa kijani kandokando yake. Watafiti walioandika mwaka 2010 kuhusu mto huu walieleza kwamba mabwawa ya kienyeji na mifereji ya umwagiliaji sehemu za juu ni sababu kubwa ya mto kukatika katika kiangazi.

Lakini tena picha inahitaji msemaji. Utepe wa kijani hausemi nani ana kibali cha kutumia maji na nani hana. Hilo liko katika daftari za Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa. Hausemi mvua ya mwaka ule ilikuwa kiasi gani, jambo ambalo ni lazima lipimwe kwanza kabla ya kumlaumu mkulima. Wala hausemi mpunga ule umesomesha watoto wangapi. Mwenye kutaka insafu kati ya viboko wa hifadhi, wakulima wa juu na vijiji vya chini vinavyongoja maji ya Kavuu lazima aziweke habari hizo zote mahali pamoja, kisha wote wanaohusika waitwe waseme.

Moto na ziwa

Kuhusu moto, zipo setilaiti zinazopita juu yetu kila siku, mchana na usiku, zikitafuta joto. Terra, iliyorushwa Desemba 1999, na Suomi NPP, iliyorushwa Oktoba 2011, ni miongoni mwake. Kuanzia Mei ramani zao za Katavi hujaa alama nyekundu. Mtu wa mbali akiziona atadhani mkoa mzima unateketea. Mwenyeji anajua kuna moto na moto. Moto wa mapema, unaowashwa na wahifadhi wakati majani bado yana unyevu, hupita chini chini na kuziba njia ya moto mkubwa wa baadaye. Moto wa Septemba, majani yakiwa makavu kama karatasi, huua miche, hukausha miti na kuunguza mizinga ya nyuki. Alama kwenye ramani ni ileile. Tarehe ndiyo ya kuitazama kwanza, kisha aulizwe aliye karibu.

Ama Ziwa Tanganyika, lenyewe hupimwa kwa namna nyingine. Tangu mwaka 1992 zimekuwapo setilaiti zinazotuma mawimbi ya rada hadi juu ya maji na kupima muda wa kurudi kwake; kwa njia hiyo kimo cha ziwa kubwa hujulikana kwa kosa la sentimita chache. Katika miaka ya karibuni vipimo hivyo vilionesha ziwa likipanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mvua kubwa za miaka ya 1961 hadi 1964, na familia nyingi kuanzia Bujumbura na Uvira hadi Kigoma na Kalemie zikazihama nyumba zao.

Katavi inayo kumbukumbu ya kimo cha ziwa ambayo ni kongwe kuliko setilaiti zote. Mwaka 1879 Wabelgiji walianzisha ngome Karema, karibu na maji. Mwaka mmoja au miwili kabla ya hapo ziwa lilikuwa limefungua njia yake ya Mto Lukuga upande wa Kongo, nalo likashuka kwa karibu mita kumi kabla karne ile haijaisha, likaiacha ngome mbali na ufuko. Kwa hiyo wazee wa Karema wanapowaambia vijana kwamba ziwa huenda na kurudi, wana ushahidi wa mawe. Sasa hapohapo Karema Serikali imejenga bandari mpya. Anayejenga nyumba au ghala karibu na maji hana budi kusikiliza vyote viwili, kipimo cha rada na simulizi ya wazee, kwa maana rada ina miaka thelathini na kitu, na ziwa lina desturi za karne nyingi.

Maswali ya kuuliza

Yapo mambo machache ambayo kila familia na kila kijiji kinaweza kuyafanya tangu sasa.

Kwanza, ikiletwa picha au ramani katika mkutano, ulizeni tarehe yake. Ikiwa zimeletwa mbili za kulinganishwa, ulizeni kama ni za mwezi mmoja. Swali hilo moja linatosha kuzuia makosa mengi.

Pili, ulizeni kiraba chake kina ukubwa gani. Picha yenye viraba vya mita 30 haifai kuamua mpaka wa mashamba mawili ya jirani, hata ikipendeza namna gani.

Tatu, ulizeni nani alikwenda kutazama ardhini. Kama hakuna aliyekwenda, ombeni aende, na aandamane na mwenyeji. Humo wasisahauliwe akina mama. Mara nyingi wao ndio wanaojua kisima kipi kilikuwa na maji hadi Oktoba na sasa hukauka Julai, na kuni zilikuwa zikipatikana wapi miaka kumi iliyopita. Habari hizo hazimo katika hazina yoyote ya picha, nazo zikipotea hazitapatikana tena.

Nne, mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Basi ramani ya mpango huo isifungiwe kabatini. Ibandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji, na kando yake iwekwe picha ya angani ya mwaka huu, ili kila apitaye aone kama tulichokubaliana ndicho kinachofanyika.

Tano, na hili ni la wazazi na walimu. Picha hizi ni bure, na simu za kuzifungulia zimo katika nyumba nyingi. Mtoto wa sekondari Mpanda anayejifunza jiografia anaweza kuoneshwa kijiji cha babu yake kilivyokuwa mwaka 1984 na kilivyo leo, kisha akatumwa kwa babu huyo huyo amuulize kilichotokea katikati. Atajifunza kusoma picha, na atajifunza kusikiliza. Miaka kumi ijayo, ofisi itakapohitaji mtaalamu wa ramani za Katavi, haitakuwa na sababu ya kumtafuta mbali.

Ardhi hii tumeikuta na tutaiacha. Watakaoirithi watazikuta pia picha zake, moja kwa kila siku nane, nao watahesabu kila kiraba tulichokifyeka na kila tulichokihifadhi. Wasichoweza kukihesabu ni sababu zetu, na hizo hatuna budi kuziandika sisi wenyewe katika daftari la mkutano wa kijiji, kwa tarehe na kwa majina ya mahali, tungali hai na tunakumbuka.

Wiki ijayo, inshaallah, tutazungumzia visima vya vijijini na namna ya kuvitunza wakati wa kiangazi.